Nchi Kali na Orodha Yangu ya Makatazo

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenifikisha kwenye Nyumba yake mara nyingi kuliko nilivyostahili, na kila mara akanirudisha Moshi nikiwa na akili timamu na viatu vya mtu mwingine. Vijana mnaoichukua kazi yangu mmeniomba niandike ninayoyakumbuka. Mmeniomba kwa adabu, ila nadhani mliogopa kwamba nisipoandika nitaanza kuwasimulia kwa mdomo, na hapo hamtatoka mapema.

Kazi yenyewe mnaijua. Kiongozi wa mahujaji huwakusanya watu, huwafundisha, huwakagua mizigo, huwapeleka Makka na kuwarudisha. Kabla ya hapo nilikuwa fundi cherehani hapa mjini, na baada ya alasiri nilisomesha watoto madrasa. Babu yangu alitoka Pangani, bibi alikuwa Mpare, na upande wa mama wako Wanyamwezi na Wasomali. Nyumbani kwetu hakuna kabila lililoshinda. Kichagga changu ni cha sokoni tu: najua kuuliza ndizi zimeiva au bado. Nalitaja hili mapema kwa sababu ujinga wangu huo utaleta madhara mbele ya safari.

Safari ya kwanza nilichukuliwa na Maalim Sefu, Mungu amrehemu, si kwa elimu yangu bali kwa cherehani yangu. Alitaka kila mwanamke wa kundi ashonewe mgongoni utepe wa khanga moja, nyekundu yenye korosho nyeusi, ili wasipotee katika umati. Nilishona tepe hizo usiku na mchana, na mifuko ya kiunoni ya kuwekea pasi za kusafiria. Mpaka leo nasema hakuna chombo cha kazi hii kinachoshinda utepe wa khanga. Simu huisha chaji.

Niliondoka na hofu. Wakati ule kila mtu hapa Moshi alikuwa na habari za ukali wa Saudia, hasa wale ambao hawajafika. Nilikuwa nimeambiwa kwamba kule hucheki, hunyooshi kidole, hutazami pembeni. Tulipoingia Msikiti Mtukufu nikawa natembea kama mtu aliyebeba mayai. Nikatazamia kukuta pazia kati ya wanaume na wanawake, maana hata msikiti wetu mdogo hapa mtaani unalo. Hapakuwa na pazia. Watu walikuwa wanaizunguka Kaaba pamoja, wanaume, wanawake, wazee kwenye viti vya magurudumu, watoto wachanga mabegani mwa baba zao. Bibi mmoja, sijui wa nchi gani, alikishika kiwiko changu mizunguko mitatu mizima kwa sababu alichoka, kisha akaniachia na kunitolea tabasamu. Nikamkimbilia Maalim Sefu na kumuuliza kama nimeharibu ibada.

"Umeharibu nini?" akasema. "Umemsaidia mama wa watu. Endelea kuzunguka, unazuia njia."

Siku zilizofuata zilikuwa za kushangaa tu. Paka walilala kwenye marumaru na hakuna aliyewafukuza. Wanawake niliodhani wangelazimishwa kufunika nyuso waliambiwa kwamba wakiwa ndani ya ihramu, yaani hali ya ibada ya hija, ni marufuku kuvaa nikabu. Mzee mmoja wa kundi letu alikuwa hajaoga tangu alipovaa ihramu, akiamini kuoga kunaibatilisha, na majirani zake hemani walikuwa wanasubiri mtu wa kumwambia. Maalim Sefu akamkabidhi kipande cha sabuni isiyo na manukato na kumwelekeza bombani. Mwavuli? Unaruhusiwa. Kujikuna? Kunaruhusiwa. Kubadili shuka la ihramu lililochafuka? Ruhusa. Hata kufanya biashara katikati ya hija kunaruhusiwa, na hili ndilo lililowafurahisha zaidi mahujaji wetu kutoka milimani, ambao walikuwa wameshaanza kuulizana bei.

"Ukitaka kukataza jambo, lete ushahidi," Maalim Sefu aliniambia siku moja tukitafuta viatu vyetu mlangoni. "Anayeruhusu halazimiki kuleta kitu. Dunia imeumbwa ikiwa wazi."

Niliitikia, "Naam, Maalim." Kisha nikatumia miaka mingi kufanya kinyume chake.

Alipofariki, uongozi ukaniangukia mimi. Mtu akiachiwa kundi la wazee sitini kwenye umati wa mamilioni, hofu humwingia. Nikaanza kuandika orodha ya makatazo. Mwanzoni ilikuwa na mambo sita, na yote yalikuwa na maana: mirungi, dawa zisizo na barua ya daktari, hirizi, na mengine ya namna hiyo. Nchi ile haina mzaha na mirungi, wala haina mzaha na uchawi. Lakini kila safari kilipotokea kituko, niliongeza mstari. Hujaji mmoja alipotea akinunua tende, nikaandika: kununua tende peke yako, marufuku. Mwingine alizirai akiongea na simu juani, nikaandika: simu juani, marufuku. Orodha ikafika mambo arobaini na moja. Niliisoma kwa sauti uani mwa msikiti, mahujaji wakiwa wamekaa mikekani, wanasikiliza kama watu wanaosomewa mashtaka.

Mwaka mmoja bibi mmoja aliinua mkono. "Maalim, na kupumua je?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilidhani anaidharau kazi.

Sasa nifike kwa Bi Saumu, maana kama si yeye nisingekuwa na la kuwaandikia ila habari za viatu.

Bi Saumu alikuwa mjane wa Kibosho juu, mkulima wa migomba na kahawa, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa. Nyumba yao ilikuwa ya Waislamu katikati ya majirani Wakatoliki. Baba yake alisilimu akiwa kijana, alipokuwa mpishi mjini. Bi Saumu alikuja kujiandikisha peke yake. Nilipoanza kazi, mwanamke asiye na maharimu, yaani mume au ndugu wa karibu wa kumsindikiza, aliwekewa masharti mengi. Siku hizi nchi ile ile kali humpokea akiwa na kundi lake. Alihudhuria mafunzo yote, na hata mvua ilipoikata barabara ya Kibosho alishuka kwa miguu. Hakuuliza swali hata moja. Nilimhesabu miongoni mwa mahujaji rahisi.

Wiki ya safari nilikagua mizigo uani. Ndani ya begi lake, katikati ya nguo, nilikuta kitambaa cheupe chenye unyevu. Nikakifungua. Ndani mlikuwa na jani moja refu, la kijani kibichi, limefungwa fundo.

Ndugu zangu, mtu aliyesoma dini akiona fundo mahali pasipo na kazi ya fundo, moyo hushtuka. Wachawi na mafundo ni habari ya zamani. Nikaona mbele yangu uwanja wa ndege wa Jeddah, askari, pingu, na kundi langu lote limewekwa pembeni.

"Bi Saumu, hii nini?"

"Ni sale, Maalim."

"Ni dawa?"

"Si dawa. Ni jani tu. Nina mtu wa kumpelekea."

"Kule hawaulizi ni jani tu. Hii inafanana na uchawi."

"Maalim, nimelibeba kwa ajili ya jambo la heri."

"Kila mwenye hirizi husema hivyo," nikamjibu, tena mbele za watu, na nikalirusha jani lile nyuma ya ukuta. Mbuzi wa jirani akalipokea kabla halijafika chini vizuri. Bi Saumu akafunga begi lake. Sikumwona akilia, na mimi nikajisifu moyoni kwamba nimeliokoa kundi.

Tulifika Jeddah asubuhi. Kwenye ukaguzi, mbele yetu alikuwa Mzee Abdallah wa Bomang'ombe, fundi baiskeli mstaafu, mtu mcheshi asiyesikiliza. Ofisa akafungua begi lake na kutoa mzigo wa majani, mrefu kama mkono, umefungwa kwa kamba ya katani yenye mafundo yasiyohesabika.

"Mzee Abdallah," nikamnong'oneza, "umebeba nini?"

"Mchaichai, Maalim. Siwezi kunywa chai tupu wiki nne."

Ofisa akaniita. Kiarabu changu ni cha vitabuni. Nikizungumza, Waarabu hunitazama kama mtu aliyetoka kaburini. Nikaeleza kwa taabu kwamba ni majani ya chai. Ofisa akayanusa. Akamwita mwenzake, naye akanusa. Wakacheka, wakamuuliza mzee kama ana ya kutosha kuwagawia. Mzee akawakatia kishada kwa moyo mkunjufu, na wao, kwa heshima ya mgeni wa Mungu, wakakikataa na kumwambia apite na majani yake yote.

Bi Saumu alikuwa nyuma yangu. Akasema taratibu, bila ukali wowote:

"Maalim, na mzigo ule ulikuwa na mafundo."

Akabeba begi lake, akanipita.

Tukafanya umra, ile hija ndogo, tukavua ihramu, tukawa tunasubiri siku za hija zenyewe. Siku ya tatu niliambiwa Bi Saumu hali chakula. Nikamkuta amekaa kwenye ngazi za hoteli yetu, mtaa wa Aziziya, mikono yake mikubwa mapajani. Nikakaa ngazi ya chini yake, nikamwomba aniambie jani lile lilikuwa la nani. Hapo ndipo, baada ya kuishi Moshi maisha yangu yote, nilipofundishwa sale.

Mmea huo hupandwa mipakani mwa vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachagga. Mtu aliyemkosea mwenzake kosa zito hukata jani lake, hulifunga fundo na kumpelekea. Anayeletewa, hata kama alikuwa ameapa, huona aibu kukataa. Maneno matupu hayatoshi kwa kosa kubwa, lazima jani.

"Na wewe umemkosea nani?" nikamuuliza.

"Kaka yangu, Issa. Yuko hapa hapa Makka, na kundi la Dar es Salaam. Wifi yangu ndiye aliyeniambia kwamba anakuja mwaka huu. Kwa hiyo nami nikaja."

Kisa chake kilikuwa hiki. Miaka kumi na moja nyuma, baba yao alizidiwa. Issa akapanda basi Dar alfajiri. Mzee akafariki mchana. Waislamu waliokuwepo wakasema maiti haisubirishwi. Majirani Wakatoliki wakashangaa: mtoto wa kwanza wa kiume hajafika, mnazikaje? Bi Saumu ndiye aliyekuwa mkubwa wa pale. Akaulizwa. Akasema zikeni. Walizika alasiri. Issa akaingia magharibi, udongo umeshasawazishwa. Alisimama juu ya kaburi na kusema, "Saumu, umenifukia baba." Akageuka bila kuonja hata maji. Tangu siku hiyo hajapanda Kibosho.

"Nimempelekea sale mara mbili kwa watu," akasema, "akalirudisha. Akasema alete mwenyewe. Nikaenda Dar mwenyewe, wakaniambia amesafiri, na shati lake liko kwenye kamba, linadondosha maji. Nikasema basi, Makka hana mlango wa nyuma. Maalim, mimi siwezi kusimama Arafa na kaka yangu hatusemezani. Nitamwambia nini Mungu? Nitaanzia wapi?"

Zilikuwa zimebaki siku mbili kufika siku ya Arafa, kilele cha hija.

Nikajaribu kwanza njia ya kimaalim. Nikamwambia kwamba dini haidai jani, kwamba kuombana radhi kwa ulimi kunatosha.

"Kwangu kunatosha," akasema. "Kaka yangu ndiye hajatosheka."

Nikampigia simu kiongozi wa kundi la Dar, mtu ninayemfahamu kwa miaka. Akazungumza na Issa, akanirudia. "Anasema dada yake anajua anatakiwa aje na nini. Akija mikono mitupu, asije." Nikaona mbele yangu mbuzi wa jirani, anatafuna.

Nikazunguka maduka ya mtaa ule kutwa nzima, sijui hata nilichokuwa natafuta. Niliporudi nikamkuta Bi Saumu amesimama kwenye ukumbi wa mapokezi, ameshika jani la ua lililokuwa kwenye chungu pembeni ya kochi. Nilikuwa nimelipita ua lile mara mia. Kwao wenye hoteli lilikuwa pambo.

"Maalim," akasema, na sauti ilikuwa imembadilika. "Sale."

"Una hakika?"

"Unaweza kunificha migomba, hili huwezi. Nina kisu chumbani."

"Usikate!"

Nilipaza sauti hadi mtu wa mapokezi, Mmisri wa makamo mwenye masharubu, akainua kichwa. Nikamweleza Bi Saumu kwamba tuko ndani ya eneo takatifu la Makka, na mimea ya eneo hili haikatwi. Wanavyuoni wamehitilafiana kuhusu ile iliyopandwa na watu: wengine wameiruhusu, wengine wameizuia. Na juu ya hayo, ua si letu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kidole bado kiko juu ya jani, kama mama anayemshika mtoto asichukuliwe.

"Kwa hiyo tena hapana," akasema.

Nikafikiri. Kama kuna siku nilimhitaji Maalim Sefu, ilikuwa siku hiyo. Nikajiuliza maswali yake moja moja. Kukata kuna shaka. Na kulifunga fundo jani likiwa bado kwenye shina lake? Hakuna aliyekataza. Na kubeba chungu? Nikapekua kila nilichosoma tangu utotoni, sikuona katazo lolote juu ya chungu.

Nikamwendea Mmisri. Nilipomaliza kueleza kwa Kiarabu changu cha makaburini, alikuwa amesimama.

"Anataka kuomba radhi kwa kaka yake kwa ua langu?"

"Ndiyo."

"Chukua. Ila meneja hurudi baada ya sala ya isha, na akikuta pengo hapa, mimi ndiye nitakayehitaji ua la kuombea radhi."

Chungu kilikuwa kizito. Tukakitoa nje, Mzee Abdallah akishika upande mmoja bila kualikwa na akitoa maelekezo. Gari la kukodi likasimama. Kioo kikashuka, na aliyekuwa kwenye usukani alikuwa binti.

Katika orodha yangu mlikuwa na mstari unaosema kwamba kule mwanamke haendeshi gari. Ulikuwa kweli nilipouandika. Nilikuwa nimesikia sheria imebadilika, lakini sikuufuta, kwa sababu mkono wangu ulizoea kuongeza tu. Mzee Abdallah akanitazama, akatazama usukani, akanitazama tena.

"Maalim, namba ngapi ile?"

"Panda gari, mzee."

Binti akasema ua lisikae nyuma, litavunjika. Akalipandisha kiti cha mbele na kulifunga mkanda. Sisi watatu tukajibana nyuma kama wanafunzi. Bi Saumu hakulitoa jicho lake kwenye majani yale njia nzima.

Issa alikuwa kwenye ukumbi wa hoteli yao, mzee mnene mwenye kanzu nyeupe na miwani, amekaa na wenzake wanakunywa kahawa. Alimwona dada yake kabla hajaona chungu. Uso wake ukafunga. Wenzake, walipoona hivyo, wakahamia meza nyingine.

"Shikamoo, kaka," Bi Saumu akasema.

Issa hakuitikia. Mnajua shikamoo isiyoitikiwa inavyokaa hewani. Mimi na Mzee Abdallah tukakiweka chungu sakafuni kati yao. Bi Saumu akapiga magoti, akachukua jani moja la chini bila kulivunja na kulifunga fundo taratibu, huku limeshika shina lake.

"Hapa halikatwi," akasema. "Basi nimekuletea na mizizi yake."

Issa akalitazama muda mrefu. Akavua miwani.

"Alisema nini?" akauliza. "Baba. Mwishoni."

"Alikuwa anakuuliza wewe. Kila saa. 'Issa amefika wapi?' Nikawa namwambia: amefika Korogwe, baba. Amefika Mombo. Mara ya mwisho nilimwambia umefika Same. Akasema, 'Same si mbali.' Hakuuliza tena."

"Nilikuwa Same," Issa akasema. "Tairi lilipasuka. Tulikaa pale kwa saa tatu."

Kisha akanigeukia mimi. Alijua mimi ni nani kwa kofia tu.

"Maalim. Nijibu kwa dini. Ingeruhusiwa kunisubiri?"

Vijana, mtaulizwa maswali mengi katika kazi hii, na mengi yatakuwa ya vyoo na mabasi. Lakini litakuja moja kama hili. Nikisema haikuruhusiwa, nitakuwa nimemwokoa Bi Saumu kwa uongo, tena ndani ya Makka. Nikisema iliruhusiwa, nitampa kaka yake jiwe jingine la kumpiga nalo. Bi Saumu alikuwa bado amepiga magoti. Aliinua uso na kunitazama, na nikaona kwamba swali hilo naye amelibeba miaka kumi na moja bila kumuuliza mtu.

"Ingeruhusiwa," nikasema. "Saa chache, kwa mtoto aliye njiani, maiti ikiwa salama, zinaruhusiwa."

Bi Saumu akafumba macho. Nikaendelea upesi.

"Na kuharakisha nako kunaruhusiwa, tena kumesifiwa. Dada yako alishika moja na wewe ulitamani lingine. Yeye hakufanya haramu. Na wewe hukutamani haramu."

Mzee Abdallah, ambaye sijapata kumwona akinyamaza, alinyamaza.

"Kumbe miaka yote hii," Issa akasema, "tuligombana ndani ya halali."

Akainama kwa taabu, kama watu wanene wanavyoinama, na kulishika lile jani lenye fundo. Halikuchukulika, kwa kuwa lilikuwa kwenye shina, kwa hiyo akabaki amelishika, na dada yake amelishika upande wa pili.

"Marahaba, Saumu," akasema. "Marahaba. Umekula?"

Alikula. Bi Saumu alikula hadi wahudumu wakaanza kutazamana. Sisi tukakirudisha chungu kabla ya isha. Mmisri akaliona fundo na kutaka kulifungua. Nikamwomba aliache. Akaniuliza ni marufuku kulifungua? Nikamwambia si marufuku, ni ombi.

Orodha yangu niliifanyia kazi niliporudi. Ukurasa ule wa kwanza mnaousoma sasa uani, unaoanza na mambo yanayoruhusiwa, ndio niliouandika mwaka huo. Makatazo yamebaki saba, yapo nyuma, na kila moja lina sababu yake. Ongezeni sababu zikiwepo. Futeni zikiondoka. Na mkikuta kitu msichokijua ndani ya begi la mtu, muulizeni mwenye begi, mkae chini, mmalize kumsikiliza.

Lakini siku ninayopenda kuikumbuka ni ya Arafa mwaka ule. Issa alikuwa ameomba ruhusa kwa kiongozi wake akaja kwenye hema letu. Jua lilikuwa kali na watu wote walikuwa wamesimama, mikono juu, wanalia na kuomba: watoto wafaulu, wagonjwa wapone, waliokufa wasamehewe. Nikamwona Bi Saumu amekaa chini kwenye mkeka, mikono mapajani, hatikisi hata midomo. Nikaogopa kwamba jua limempata. Nikamwendea na maji.

"Bi Saumu, unajisikia vibaya?"

"Hapana, Maalim. Nilikuwa na jambo moja tu la kumwomba Mungu, naye amelitanguliza." Akamtazama kaka yake, aliyekuwa hatua chache mbele, mgongo wake mpana umelowa jasho. "Maalim, inaruhusiwa kukaa tu hapa, bila kuomba kitu?"

"Inaruhusiwa," nikamwambia, nami nikakaa.